Tochi Inayowaka kwa Kupigwa Kofi
Maswali na majibu ya wasomaji

Barua za safari hii karibu zote ni za zile tochi za chuma za mtindo wa zamani: mwili unaong'aa, swichi ya kusukuma ubavuni, mawe (betri) mawili makubwa ya saizi D ndani. Bei yake ni ndogo, na ndiyo sababu watu hawaogopi kuzifungua.

Nilinunua tochi ya chuma soko la Kibuye. Mawe ni mapya, lakini mwanga ni wa manjano na hafifu. Nikiipiga kofi inang'aa kidogo, kisha inafifia tena. Nibadilishe balbu?
*Msomaji, Kondele, Kisumu*

Iache balbu kwanza. Tochi inayosikia kofi ina kiungo kilicholegea au kilichoshika kutu, na kofi lako linakisugua tu. Balbu ya uzi haina simile: ukiipunguzia volti kwa asilimia 10, mwanga hushuka kwa karibu asilimia 30. Kwa balbu ya volti 2.5, hiyo ni robo volti tu, na kutu ya mahali pamoja inaweza kuila yote.

Kiungo kibovu kitafute kwa waya wa shaba wa sentimita 30 uliomenywa ncha zote mbili. Fungua kifuniko cha nyuma, sukuma swichi iwe imewashwa, kisha bonyeza jiwe la nyuma kwa kidole gumba kwa kuwa springi haipo tena. Ncha moja ya waya ishike kitako cha jiwe, ya pili iguse nyuzi za skrubu za mwili. Ikiwaka vizuri, ubovu uko kwenye kifuniko: springi, au pale springi inapokalia. Mwanga ukibaki hafifu, toa kioo cha mbele, mtu akushikie, na ile ncha ya pili uihamishie ukingo wa kikombe kinachoakisi mwanga. Iking'aa sasa, mkosaji ni ule ukanda wa bati ulio chini ya swichi. Ikikataa hata hapo, ndipo uitazame balbu, hasa kile kidoto cha risasi kwenye ncha yake, ambacho hubonyea na kuacha kugusa jiwe.

Sugua mahali palipokamatwa kwa msasa laini namba 400, pangusa kwa spiriti, kisha paka mafuta ya kujipaka kidogo sana kwenye nyuzi za kifuniko. Mafuta ya kupikia hapana, yanaganda na kushika vumbi. Ukishaona chuma kinang'aa acha kusugua. Chini ya ule mng'ao ni bati jembamba, na unyevu wa ziwani haukawii kulipata. Ukanda wa swichi kwa kawaida hauhitaji msasa: uinue kidogo kwa bisibisi ndogo ili ukandamize zaidi.

Niliweka balbu ya LED mahali pa ile ya zamani. Kwanza haikuwaka kabisa. Nilipogeuza mawe iliwaka, lakini katikati ya mwanga kuna duara jeusi.
*Msomaji, Bahati, Nakuru*

Haya ni mambo mawili. LED ina upande wa kuingilia umeme, balbu ya uzi haina. Tochi nyingi za aina hii hutaka kichwa cha jiwe, yaani chanya, kielekee balbu. Kama yako imewaka mawe yakiwa kinyume, basi LED hiyo ilitengenezwa na chanya kwenye ukosi, ile pete ya chuma inayozunguka kitako cha balbu. Inafaa kutumika, ila ibandike karatasi ndani ya kifuniko ili mwingine asihangaike.

Duara jeusi ni suala la kimo. Kikombe kilichongwa kwa ajili ya uzi uliosimama mahali fulani, nayo LED yako imekaa mbele au nyuma ya hapo. Kata pete ya bati ya unene wa milimita moja, iweke chini ya ukosi wa balbu, kisha elekeza tochi kwenye ukuta ulio umbali wa mita tatu. Duara likizidi umeenda upande usio wake: toa pete, upunguze ukosi kwa tupa badala ya kuuinua. Ukiwa na balbu ya skrubu kazi ni nyepesi, zungusha nusu mzunguko mbele au nyuma.

Na soma volti kabla ya kulipa. LED nyeupe huhitaji karibu volti 3, na mawe mawili yaliyotumika kiasi hutoa 2.4. Kama ndani ya balbu hamna saketi ya kupandisha volti, utakuwa unatupa mawe ambayo bado yana nguvu nyingi.

Nina betri za lithiamu za 18650 kutoka laptopu iliyokufa. Je, naweza kuziingiza kwenye tochi ya mawe mawili? Nataka LED yenye nguvu, lakini tochi isiharibike sura.
*Msomaji, Bungoma*

Ingiza moja, si mbili. Betri moja ni volti 3.7, na ikijaa ni 4.2. Mbili zikifuatana zikiwa zimejaa zinafika 8.4, na balbu ya 2.5 italipuka kabla hujaondoa kidole kwenye swichi. Hata betri moja itaiunguza balbu hiyo. Ukitaka kubaki na uzi, nunua ya volti 3.8, ile ya tochi za mawe matatu.

Mawe mawili ya D yana urefu wa milimita 123 na unene wa 33 hivi. 18650 ina milimita 65 kwa 18. Nafasi ya pembeni izibe kwa bomba la maji la plastiki la PPR la milimita 32. Lile nene lina tundu la milimita 21, kwa hiyo betri iviringishie kadibodi nyembamba isitikisike. Kata bomba fupi kidogo kuliko mawe mawili, milimita 120, ili betri ijitokeze na iguse. Urefu uliobaki, milimita 58, uzibe kwa boliti iliyokatwa kwa msumeno na kulainishwa ncha. Boliti ikae upande wa springi, kwenye hasi.

Sasa LED. Chukua balbu iliyoungua na, kabla ya kuivunja, pima kutoka ukingo wa kitako hadi pale uzi ulipo. Andika kipimo hicho. Ifunge kwa kitambaa, vunja kioo, safisha ndani. Kata kipande cha fimbo ya shaba ya milimita 6 chenye urefu utakaoifanya LED ikae palepale uzi ulipokuwa, ukilehemu kwenye ukingo wa kitako bila kuziba njia ya waya. Juu yake gundisha LED iliyo kwenye kibati cha milimita 8 kwa gundi ya kupitisha joto. Gundi ya kawaida itaifungia LED joto lake.

Ya kudhibiti umeme ni chipu ya 7135, yenye miguu mitatu. Chanya cha betri kinaenda kwenye LED moja kwa moja na pia kwenye mguu wa kuingilia wa chipu. Upande wa hasi wa LED unaenda mguu wa kutokea. Mguu wa hasi, ulio na kisigino kipana, ulehemu kwenye ukuta wa kitako, nao utapoa hapohapo. Ukigeuza betri chipu inakufa mara moja, bila moshi wa kukuonya.

Chipu moja hupitisha miliampea 350. Hiyo ni kama wati moja, na kwa betri ya miliampea-saa 2500 utapata saa saba. Wengi wataona ni kidogo na watataka chipu tatu. Kwa tochi hii ni kosa: kikombe ni bati jembamba, joto halina pa kwenda, na LED huanza kugeuka rangi ya samawati na kufifia. Balbu ya awali ilitoa lumeni kama 10. LED nzuri kwa miliampea 350 hutoa 100. Mbwa wa jirani ataonekana vizuri tu.

Betri za laptopu hazina ulinzi ndani yake zikishatolewa. Iliyoshuka chini ya volti 2 itupe kunakokusanywa taka za umeme, usijaribu kuifufua. Tochi ikianza kufifia, zima na uchaji kwa chaja ya volti 4.2. Usilehemu moja kwa moja juu ya betri. Na ukienda kununua mpya, ile iliyoandikwa miliampea-saa 9900 ni uongo mtupu: 18650 haizidi 4000 hivi, na ya kweli ina uzito wa karibu gramu 45.

Mawe yamevimba ndani ya tochi na hayatoki.
*Msomaji, Mumias*

Mawe ya kawaida hufanya hivi kwa sababu kopo lake la zinki ndilo hasi lenyewe: linaliwa kadiri unavyotumia, mwisho linatoboka. Uchafu wake una asidi, basi tia maji ya magadi ya kuokea, dakika kumi, kisha gonga mdomo wa tochi kwenye ubao. Kama ni betri za alkali na kuna unga mweupe, tumia siki badala yake. Usipige kwa nyundo kutokea mbele, utapasua kitako cha balbu. Suuza na kausha siku nzima juani.

Inafaa kwa kuvulia omena ziwani usiku?
*Msomaji, Dunga, Kisumu*

Hapana. Tundu la swichi haliwezi kuzibwa bila swichi kukwama. Pete ya tyubu ya baiskeli chini ya kioo na kwenye kifuniko itazuia mvua, si wimbi.