Maswali ya Wasomaji: Uendelevu katika SACCO na Benki, Nani Achague Kipaumbele?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa watu wa SACCO, benki na kampuni za mikopo midogo. Wote wanasumbuliwa na jambo moja: taasisi ya fedha ichagueje, pamoja na wadau wake, masuala ya uendelevu (namna inavyogusa watu na mazingira, na namna hayo yanavyoigusa yenyewe) ya kushughulikia kwanza? Tumefupisha maswali na kuondoa majina.

Anayetukopesha anataka orodha ya masuala yetu makuu ya uendelevu kabla ya mwaka kuisha, na ushahidi kwamba wadau walishirikishwa. Tuna matawi matatu Bugisu, mashariki mwa Uganda. Tuanzie wapi? (Meneja wa SACCO, Mbale)

Anzieni kwenye daftari la mikopo. Ukumbi wa hoteli usubiri. Mkiita watu arobaini siku ya kwanza na kuwapa karatasi za kubandika ukutani, mtavuna yale yale: miti, taka, taa za sola, kupunguza karatasi ofisini. Ni mambo mema, lakini taasisi ya fedha hugusa watu na mazingira hasa kupitia shilingi inazokopesha. Mkopo mmoja uliofungua shamba la mpunga katikati ya kinamasi una madhara kuliko karatasi zote mtakazochapisha mwaka mzima.

Toeni orodha ya mikopo yote iliyo nje kwa tarehe moja, na kila mkopo uwe na shughuli ya mkopaji, kijiji na parishi, aina ya dhamana, na siku za kuchelewa kulipa. Kazi ngumu hapa ni safu ya shughuli. Mara nyingi mfumo unaandika "biashara" au "kilimo" tu, na fomu za karatasi ndizo zenye ukweli. Kama hamwezi kufungua mafaili yote, fungueni ya mikopo mikubwa zaidi mpaka mfikie robo tatu ya fedha zilizo nje, halafu mchukue sampuli ya midogo.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, mna shilingi bilioni 4 nje: kahawa bilioni 1.6, biashara za maduka bilioni 1.2, boda boda milioni 800, ada za shule milioni 400. Pangeni ile ya kahawa kwa parishi. Ikionekana milioni 350 ziko kwenye miteremko mikali ya Mlima Elgon, msiseme "ni chini ya asilimia tisa ya mikopo" mkapita. Zilinganisheni na mtaji. SACCO yenye mtaji wa milioni 700 imeweka nusu ya mtaji wake mlimani. Na mlima huo una historia: miteremko ya wilaya ya Bududa iliporomoka Machi 2010, ikaporomoka tena Oktoba 2018, na Novemba 2024 ikawa zamu ya wilaya ya Bulambuli. Mbuni (mti wa kahawa) mpya hauzai kabla ya takriban miaka mitatu, kwa hiyo anayepoteza shamba hapotezi msimu mmoja.

Baada ya hapo andikeni masuala kumi na tano au ishirini ya kupeleka kwa wadau, na kila suala liwe sentensi yenye mtu ndani yake. "Mabadiliko ya tabianchi" hayamwambii mkulima kitu. "Mvua kubwa inashusha mteremko, kahawa ya mkopaji inaondoka na udongo, deni linabaki": hapo hata mlinzi wa geti ana la kusema.

Wadau wetu ni akina nani hasa? Tukituma hojaji kwa simu, haitoshi? (Afisa wa uzingatiaji sheria, Kampala)

Chora safu mbili: wanaoweza kuwaumiza ninyi, na wale ambao ninyi mnaweza kuwaumiza. Ya kwanza hujaa haraka: wenye hisa, wenye amana, anayewakopesha, na msimamizi wenu, awe Benki Kuu ya Uganda au, kwa taasisi ndogo, UMRA, mamlaka ya kusimamia taasisi za mikopo midogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Ya pili ndiyo inayosahaulika. Humo mna waliopata mkopo wakashindwa kulipa, wadhamini waliolipishwa, wake na waume wa walioweka ardhi rehani, walionyimwa mkopo, na majirani wa mradi mliougharimia. Ongezeni wafanyakazi wa kaunta, mawakala, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na afisa mazingira wa wilaya.

Hojaji ya simu ina kazi yake, ila inajibiwa na mwanamume wa mjini mwenye simu janja na muda. Wengine wafuateni waliko. Kikundi cha watu nane hadi kumi, saa moja na nusu, kwa lugha yao. Wanawake peke yao na wanaume peke yao, hasa mkizungumzia ardhi na rehani. Epukeni siku ya gulio na wiki za kuchuma kahawa. Nauli na chai zitangazwe mapema kuwa ni nauli na chai tu, kwa maana uvumi wa kwamba waliohudhuria watapewa mkopo huenea kabla sufuria haijachemka. Na afisa mikopo wa eneo hilo asiwepo. Hakuna atakayesema mbele yake kwamba alikuja kumdai usiku.

Maswali nayo yana ufundi wake. Ukiuliza "Je, mazingira ni muhimu?" utaitikiwa ndiyo na kila mtu, na hujajifunza kitu. Uliza: "Mwaka jana ni jambo gani lilikufanya uchelewe kulipa?" Au: "Kuna kitu tulichofanya kikakuumiza wewe au jirani yako?" Kisha lazimisha uchaguzi. Weka mezani kadi sita za picha, kila moja ikionyesha suala moja, mpe kila mtu punje kumi za maharage agawe apendavyo, na mwandishi ahesabu kwa kila kadi. Asiyejua kusoma anashiriki sawa na mwalimu. Punje zikishahesabiwa, uliza kwa nini kadi fulani imepata nyingi. Majibu ya hapo yana thamani kuliko hesabu yenyewe.

Hamhitaji vikundi hamsini. Vikundi viwili vya aina moja vikipita bila kuleta jambo jipya, nendeni kwa kundi jingine. Kabla ya kutoka ofisini someni pia daftari la malalamiko. Miongozo ya Benki Kuu ya 2011 ya kumlinda mteja wa huduma za fedha inazitaka taasisi inazozisimamia ziwe na utaratibu wa malalamiko, kwa hiyo sauti za wadau mnazo tayari kabatini. Majina msiyaandike kwenye kumbukumbu za vikundi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inawahusu hata kwenye zoezi jema kama hili.

Tulijaza hojaji 100 na kupiga wastani. Suala la kwanza likawa kupanda miti. Namna ya kudai madeni ikawa ya kumi na moja. Bodi inatucheka. Tulikosea wapi? (Afisa mipango, Jinja)

Umeandika pia kwamba 80 kati ya hojaji hizo zilijazwa na wafanyakazi. Hapo ndipo penye kosa. Chukua suala la kudai madeni: wafanyakazi 80 wakitoa alama 2, wakopaji 20 wakitoa 5, wastani ni 2.6, nalo linazama. Ukipiga wastani wa kila kundi kwanza, kisha wa makundi, unapata 3.5. Hata hiyo haitoshi. Habari yenyewe ni ile tofauti ya 2 na 5: anayedai haoni tatizo, anayedaiwa analiona kubwa kuliko yote. Wekeni makundi kando kando kwenye jedwali, na kila tofauti ya alama mbili au zaidi ipakwe rangi na ijadiliwe kabla ya hesabu yoyote.

Kosa la pili ni kuwauliza watu "umuhimu" tu. Miti haina adui, kwa hiyo itashinda kura yoyote ya namna hiyo. Athari hupimwa kwa mambo manne: ukubwa wake kwa anayeumia, upana wake (watu wangapi, eneo gani), ugumu wa kurekebisha, na uwezekano wa kutokea. Tumieni 1 hadi 5, na andikeni mapema maana ya kila alama. Kwa ugumu wa kurekebisha, 1 iwe "inarekebishika ndani ya mwezi" na 5 "hairudi tena". Bila maelezo hayo, alama 4 ya mtu mmoja ni 2 ya mwenzake.

Tena, yale matatu ya kwanza msiyapigie wastani. Familia kumi kufukuzwa kwenye kibanja chao kwa sababu mume aliweka rehani bila mke kuridhia: ukubwa 5, upana 1, ugumu 5. Wastani ni 3.7 na mambo yanaonekana ya kati, kumbe maisha ya watu yameharibika. Chukueni alama ya juu kabisa, yaani 5. Na jambo likigusa haki za binadamu, uzito wa madhara utangulie uwezekano wa kutokea. Mfano huu una sheria nyuma yake pia: Sheria ya Ardhi ya 1998 inadai ridhaa ya mwenzi kabla ardhi ya familia kuwekwa rehani, kwa hiyo mkopo usio na ridhaa hiyo unaweza kubaki bila dhamana mahakamani. Kuhusu kudai madeni, angalieni kama kuna tawi linaloshika vitambulisho vya taifa vya wateja. Sheria ile ile ya 2016 iliyounda UMRA inawakataza wakopeshaji fedha kufanya hivyo.

Safu ya mwisho ni athari kwa taasisi yenyewe, kwa shilingi: fedha kiasi gani ziko hatarini, zikilinganishwa na mtaji au faida ya mwaka. Mhasibu aijaze, si wadau.

Mstari wa kukata, yaani alama ambayo suala likiwa chini yake linaachwa, upangwe kabla matokeo hayajaonekana. Ukipangwa baadaye, utapita pale meneja anapopenda. Bodi ina haki ya kupandisha au kushusha suala, ila sababu iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Yabaki matano hadi manane, kila moja na mtu anayelisimamia, kipimo, na fungu la fedha. Suala lisilo na fungu liondoeni, maana ni pambo. Kuhusu miti: iendelee kupandwa kama msaada kwa jamii, na isiitwe kipaumbele cha mikopo.

Viongozi wa wilaya hawataki tukopeshe biashara ya mkaa. Lakini wafanyabiashara wa mkaa ni walipaji wetu wazuri. Tumsikilize nani? (Afisa mikopo, Gulu)

Kushirikisha wadau si kupiga kura, na sheria haiingii kwenye punje za maharage. Agizo la Rais la Mei 2023 lilipiga marufuku uchomaji mkaa wa kibiashara kaskazini na kaskazini mashariki. Lori likikamatwa na mzigo, rekodi nzuri ya ulipaji inaisha siku hiyo. Hili limeshapita hatua ya maoni, ni hatari ya mkopo iliyo wazi.

Linalobaki kuulizwa wadau ni namna ya kutoka. Tenganisheni mwenye lori na mama anayepima mkaa kwa kopo sokoni, kwa kuwa ukiwakata wote siku moja atakayeumia ni mama. Mnaweza kusimamisha mikopo mipya ya uchomaji na usafirishaji, kuacha iliyopo iishe kwa ratiba yake, na kuwauliza wauzaji wadogo wangehamia bidhaa gani na kwa mtaji gani. Jibu lao ndilo liunde mkopo mpya.

Utaratibu huo huo utumike kwa dhamana zilizo kwenye ardhi oevu. Hati iliyotolewa humo baada ya Katiba ya 1995 inaweza kufutwa, hata iwe na mhuri mzuri namna gani. Kabla ya kuipokea, muulizeni afisa mazingira wa wilaya, kisha mwende mkaione ardhi yenyewe wakati wa mvua.

Mkaguzi anataja GRI, mkopeshaji anataja ISSB. Tufanye zoezi mara mbili? (Mhasibu, Mbarara)

Hapana. Fanyeni mara moja, safu mbili. GRI 3 ya 2021, kiwango cha kimataifa cha kuripoti uendelevu, inauliza taasisi inawafanyia nini watu na mazingira. IFRS S1 na S2, viwango vilivyotolewa na ISSB (bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu) Juni 2023, vinauliza ni mambo gani yanaweza kugusa fedha na matarajio ya taasisi kiasi cha kubadili uamuzi wa mwekezaji au mkopeshaji. Safu ya athari inajibu la kwanza, safu ya shilingi inajibu la pili. Mkopeshaji kutoka Ulaya huenda akataka zote mbili. Hifadhini fomu, hesabu za punje na majedwali ya kila kundi, kwa sababu mkaguzi ataomba kuona suala fulani lilifikaje nafasi ya tatu, na slaidi haimjibu.

Zoezi zima lirudiwe baada ya muda gani? (Katibu wa SACCO, Kasese)

Zoezi kamili kila baada ya miaka miwili au mitatu linatosha taasisi nyingi. Kila mwaka, kabla ya kuandika ripoti, pitieni orodha kwa nusu siku na mwulize kilichobadilika. Msisubiri kalenda mkianzisha aina mpya ya mkopo, sheria ikibadilika, au mto Nyamwamba ukifurika tena kama 2013 na 2020.

Rudisheni majibu kwa mliowauliza ndani ya miezi mitatu. Ukurasa mmoja, kwa lugha ile ile ya kikundi, unataja walichosema, kilichokubaliwa, kilichokataliwa na sababu. Usomwe kwenye kikao chao cha akiba na nakala ibaki kwa katibu wa kikundi. Hapo kwenu Kasese itabidi kuwe na nakala ya Kikonzo na ya Kiswahili, na anayeisoma awe meneja mwenyewe, kwa sababu maswali ya "mbona mmekataa?" afisa mdogo hana mamlaka ya kuyajibu.