Asumini ni jina la mtoto, usiogope

Dada wa Jinja, nimekuelewa. Unataka kumwita binti yako Asumini, na mama mkwe anasema hilo ni jina la ua tu, halina maana.

Lina asili ndefu. Ua lenyewe Waajemi waliliita yasaman, Waarabu wakasema yasamin, na pwani yetu ikapata yasmini na asumini. Wazungu nao walilichukua kwa Waarabu. Ukiambiwa maana yake ni "zawadi ya Mungu", usimpelekee mama mkwe hoja hiyo, kwa sababu tangu kwa Waajemi lilikuwa jina la ua. Mwambie tu habari za harufu yake: ua dogo jeupe linalonukia zaidi usiku, ambalo wanawake wa pwani hulitunga koja na kulivaa siku za harusi. Mimi naona hiyo ni maana tosha kabisa! Waridi nalo, kutoka Kiarabu ward, ni ua, na wako akina mama wengi wanaoitwa hivyo.

Kinachonitia wasiwasi ni tahajia. Binti yangu aliandikwa Yasmini kwenye cheti cha kuzaliwa, shuleni wakaandika Asumini, tukahangaika mno kabla ya mtihani. Chagueni moja, muisome herufi kwa herufi kabla ya kusajili NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda. Kama tayari vyeti vinatofautiana, muone wakili akuandalie hati ya kiapo mapema. Kama kuna swali la dini kuhusu jina hili, muulize shehe mkiwa pamoja na mama mkwe, asikie mwenyewe.