Kitelezi cha msumeno wa meza: reli, bao na mikato mitano

Geji ya pembe, kifaa cha kusukumia ubao kinachokuja na msumeno wa meza, mara nyingi hucheza ndani ya mfereji wake, na ubao mpana huizidi nguvu. Kitelezi cha plaiwudi, yaani kitako kinachoteleza juu ya meza kikibeba ubao hadi kwenye bledi, huondoa tabu hiyo, mradi reli na bao la kuegemeza viwe sawa. Mengine ni mapambo.

Kitako kiwe plaiwudi ya mm 12, kama mm 600 kwa 700. Reli ziwe za mbao ngumu iliyokauka. Mbichi itasinyaa na kulegea. Pima mifereji ya meza yako kwanza: mingi ina upana wa mm 19 na kina cha mm 9.5. Reli ijae upana, lakini unene upungue kina kwa mm 1, la sivyo itakalia vumbi na kitelezi kitayumba. Kabla ya kugundisha, weka washa (vile vyuma bapa vya duara vyenye tundu) mferejini chini ya reli ili reli zichomoze kidogo juu ya meza. Gundi iwe kidogo, maana ikichuruzika utabandika kitelezi mezani. Kikibana, tafuta alama nyeusi ubavuni mwa reli, piga msasa hapo tu, kisha paka nta ya mshumaa.

Bao la upande wa mbali hushikanisha tu nusu mbili za kitako, kinachopasuliwa na bledi. La upande wako ndilo lenye kazi: likaze kwa skrubu moja kila ncha, mbali na njia ya bledi, ukilinganisha na mkato wa bledi kwa skwea (kipimio cha pembe mraba). Kisha lijaribu.

Chukua plaiwudi ya mm 400 kila upande. Kata upande mmoja, geuza uliokatwa uegemee bao, kata tena, hadi pande nne ziishe. Mkato wa tano, upande ule wa kwanza, utoe ukanda wa mm 25. Pima upana wake ncha zote mbili kwa kalipa, kifaa cha kupimia sehemu za milimita. Tofauti hiyo imebeba kosa mara nne, ndiyo maana skwea haifui dafu hapa. Tofauti ya mm 0.8 ni kosa la mm 0.2 kwa mm 400. Skrubu zikiachana mm 600, sogeza ncha moja ya bao mm 0.3. Toboa tundu jipya, kwani skrubu hupenda kurudi kwenye la zamani. Jaribu tena: tofauti ikiongezeka, umesogeza kinyume.

Nyuma ya bao, bledi inapotokea, gundisha gogo la mm 60 ili vidole visifike hapo. Ukitaka vipande vya urefu mmoja, bana kizuizi kwenye bao la kitelezi, si kutumia ukingo wa msumeno (ile reli ya kuongozea ubao iliyo sambamba na bledi): kipande kilichonaswa kati ya ukingo na bledi hurushwa kumwelekea mkataji.