Umenunua Mpakato wa Video? Barua Zenu na Majibu Yangu

Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu walionunua kompyuta mpakato mpya kwa ajili ya picha, video na sauti. Nimezisoma kwa hamu, maana hiyo ndiyo kazi yangu pia: nahariri video za harusi na semina hapa Dar es Salaam, na mwaka huu na mimi nimebadilisha mashine. Ombi langu kwenu nyote ni moja. Msiipime kompyuta kwa karatasi iliyobandikwa juu yake dukani. Ipimeni kwa faili zenu, kwa programu mnayoitumia kila siku, muda wa kurudisha mali ukiwa bado haujapita.

*

"Dada, habari za kazi. Mimi ni mpiga video za harusi, Tanga. Nimenunua mpakato wa inchi 16, kichakataji cha Core i7 ya kizazi cha 13, kadi ya picha ya NVIDIA RTX 4060, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 16. Rafiki yangu ana kadi ya jina hilohilo, lakini video zake zinatoka mapema kuliko zangu. Kinachoniumiza zaidi, picha za kamera yangu mpya, 4K ya biti 10, 4:2:2, zinakwamakwama ninapohariri, wakati kompyuta yangu ya zamani isiyo na kadi yoyote ya maana ilikuwa inazicheza. Aliyeniuzia aliniwekea itumie kadi ya NVIDIA peke yake, akasema hapo ndipo nguvu yote inapotoka. Nikichomoa chaja ukumbini, ndiyo kabisa."

Pole sana kaka. Yamekukuta mambo matatu kwa wakati mmoja, na hakuna hata moja linaloonyesha kwamba umeuziwa mashine mbovu.

Tuanze na kukwama. Hiyo 4:2:2 ni namna ya kamera kuhifadhi rangi kwa undani kuliko video ya kawaida ya simu, na ili ichezwe vizuri lazima ndani ya chipu pawe na sehemu iliyotengenezwa mahususi kuifungua. Kadi za NVIDIA zimeanza kuwa na sehemu hiyo katika familia ya RTX 50, iliyoingia sokoni 2025. RTX 4060 yako haina. Lakini ndani ya hiyo Core i7 kuna kadi ndogo ya Intel, na hiyo inaifungua 4:2:2 iliyobanwa kwa mtindo wa H.265 bila taabu. Ndiyo maana kompyuta yako ya zamani iliweza. Aliyekuuzia alipoweka NVIDIA peke yake, alizima kadi pekee inayozijua picha zako. Ule ni mpangilio unaowafaa wacheza magemu. Fungua programu ya mtengenezaji wa mpakato, rudisha mpangilio wa mseto unaoziacha kadi zote mbili zifanye kazi, washa kompyuta upya, kisha ingia kwenye mipangilio ya programu ya kuhariri uhakikishe Intel imetiwa alama upande wa kufungua video. Nina hakika kubwa utaona tofauti palepale.

Sasa habari ya rafiki yako. Jina RTX 4060 kwenye mpakato halisemi kadi inakula umeme kiasi gani. NVIDIA inawaruhusu watengenezaji kuipa kuanzia wati 35 hadi wati 115. Mpakato mwembamba hupewa kidogo kwa sababu hauna pa kutolea joto. Mnene wenye feni mbili kubwa hupewa zote. Hizo ni kadi mbili zenye nguvu tofauti chini ya jina moja, na muuzaji wa kawaida hatakwambia kwa sababu karatasi yake haina mstari huo. Ingia kwenye programu ya mipangilio ya NVIDIA, sehemu ya taarifa za mfumo, utakuta kiwango cha juu cha wati kimeandikwa. Kama ni kidogo, ndivyo ilivyoundwa, na asikudanganye mtu kwamba ataiongeza kwa programu. Kama ni kikubwa na bado inasuasua, angalia kama haikuachwa kwenye hali ya ukimya, ile inayopunguza kelele za feni kwa kupunguza kazi.

Kuhusu betri, piga hesabu nami. Kadi wati 115, kichakataji wati 45, jumla 160. Betri za mpakato hazizidi Wh (wati-saa) 99 na kitu, kwa sababu kanuni za ndege zinaweka mpaka wa Wh 100 kwa betri inayobebwa bila kibali maalumu. Betri ya Wh 80 ingebebeshwa mzigo wote huo, isingepita nusu saa, na seli zake zingechemka. Kwa hiyo mashine hujipunguza yenyewe ukichomoa chaja. Ni hivyohivyo ukiichomeka kwa chaja ndogo ya USB-C ya wati 65: itachaji, lakini haitakimbia. Ukienda ukumbini beba ile chaja yake kubwa kama tofali.

Na ukumbini humohumo kuna adui ambaye watu hawamwoni: kitambaa cha meza. Matundu ya kuvutia hewa yako chini ya mpakato, na kile kitambaa cha satini huyaziba kama mkono mdomoni. Kichakataji chako kikifika nyuzi joto 100 hupunguza mwendo ili kisiungue. Funua kitambaa, inua nyuma kwa vitu viwili vigumu, acha hewa ipite. Huku kwetu pwani ongeza vumbi na chumvi, hivyo feni zipulizwe mara kwa mara, na unapopuliza zizuie zisizunguke.

*

"Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi, Morogoro. Kwenye karatasi ya dukani mpakato wangu umeandikwa Iris Xe, lakini nikiangalia ndani ya Windows inaandika UHD Graphics. Nimeibiwa?"

Marahaba mdogo wangu. Hujaibiwa, ila umeuziwa mashine iliyofungwa nusu. Ile kadi ya Intel haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima RAM ya kompyuta, na Intel imeweka sharti kwamba itajiita Iris Xe pale tu RAM inapofanya kazi kwa njia mbili kwa pamoja. Ukiwa na kijiti kimoja cha RAM, chipu ileile inajitambulisha kama UHD na inakwenda polepole kweli, hasa kwenye video na michoro. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, kisha kumbukumbu. Ukiona nafasi iliyotumika ni 1 kati ya 2, nunua kijiti cha pili chenye ukubwa na mwendo sawa na kilichomo, kipachikwe na fundi unayemwona kwa macho. Mpakato ukiwaka tena, jina litabadilika lenyewe.

Hili linanikera, kwa sababu wanafunzi wengi wanalipia nguvu ambayo imelala humo ndani kwa kukosa kijiti kimoja. Wauzaji, tafadhali, waambieni watu. Nanyi wanunuzi, ulizeni swali hili kabla ya kutoa pesa: RAM ni kijiti kimoja au viwili, na nafasi ya kuongeza ipo au RAM imechomelewa kwenye bodi? Mashine nyembamba nyingi siku hizi zimechomelewa, na hapo ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

*

"Salaam kutoka Mombasa. Nafanya picha za harusi na za hina. Mpakato wangu mpya una kioo cha OLED, kizuri mno. Lakini nikimtumia bi harusi picha, kwake zinaonekana zimepauka, na mwingine alinirudishia akasema hina yake si rangi ile. Tena usiku macho yananiuma."

Waleikum salaam dada. Kioo chako kinaonyesha rangi pana kuliko vioo vya kawaida, upande wa nyekundu na kijani hasa. Picha iliyotengenezwa kwa kipimo cha kawaida cha rangi, sRGB, ikionyeshwa humo bila kusimamiwa, nyekundu inavimba. Wewe unaiona imezidi, unaipunguza. Ikifika kwenye simu ya mteja ambayo haina upana huo, inakuwa imepauka. Hina, leso nyekundu, dhahabu, zote zinaumia hapo. Kwenye programu ya mtengenezaji tafuta hali ya rangi ya sRGB, ifanyie kazi humo, na unapohifadhi picha za wateja chagua sRGB. Hali ile yenye rangi za kuchomoza iache kwa ajili ya filamu zako. Kabla ya kumtumia mteja, itazame picha kwenye simu ya bei ya kawaida, maana ndiyo atakayoitazamia yeye na shangazi zake.

Macho: OLED nyingi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka sana, mara nyingi katika sekunde moja, na kwenye mwanga mdogo wapo watu wanaoumwa kichwa kwa hilo. Pandisha mwanga wa kioo na uwashe taa chumbani badala ya kufanya kazi gizani na kioo kimefifishwa. Uweke pia ule mstari wa chini wa Windows ujifiche wenyewe, kwa sababu OLED ikionyesha kitu kilekile mahali palepale kwa miezi, alama hubaki.

*

"Kaka au dada, sijui. Naweka mpakato kwenye begi ukiwa umefungwa usiku, asubuhi naukuta wa moto na betri imekwisha. Arusha."

Ni dada. Mpakato wa kisasa ukifungwa hausinzii kama wa zamani. Unakaa macho kidogo, kama simu, ukipokea ujumbe na masasisho. Ndani ya begi joto halina pa kwenda. Ingia kwenye mipangilio ya umeme, mahali pa kuchagua kitakachotokea ukifunga kifuniko, uweke Hibernate. Hapo kazi yako inaandikwa kwenye diski na mashine inazimika kabisa. Kuwaka kutachukua muda kidogo zaidi. Vumilia, betri yako itakushukuru.

*

"Narekodi kasida na mahojiano ya redio, Unguja. Mpakato ni mpya na wa bei, lakini sauti inakatika kwa milio ya tik tik kila baada ya muda. Fundi anasema spika mbovu."

Usikubali kubadilishiwa spika bado. Sikiliza rekodi yenyewe kwenye simu. Kama tik tik imo ndani ya rekodi, spika hazihusiki. Zima Wi-Fi na Bluetooth, rekodi tena. Mara nyingi milio hiyo huletwa na kiendeshi cha Wi-Fi, yaani programu ndogo inayoiendesha, kinachoishika kompyuta kwa sehemu ndogo ya sekunde, na sauti haiwezi kusubiri. Pakua kiendeshi kipya kutoka kwa mtengenezaji wa mpakato. Kisha hakikisha Windows na programu yako ya kurekodi zote ziko kwenye kipimo kimoja cha sauti, kHz 48 au 44.1, zisitofautiane, na ukubwa wa bafa (akiba ya sauti inayosubiri kuchakatwa, ambayo huchelewesha kidogo) upandishe hadi 512. Kwa kasida unayorekodi bila kujisikiliza kwa hedifoni, ucheleweshaji huo hautakusumbua hata kidogo.

*

"Diski GB 512, kompyuta inaonyesha 476. Nyingine ziko wapi? Kigoma."

Ziko zote. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Bilioni 512 za baiti ukizigawa hivyo mara tatu unapata 476.

*

"Dada msaada wa haraka, Dodoma. Kompyuta ilijisasisha, sasa imeleta kioo cha buluu inadai tarakimu 48. Kazi za wateja wangu wote zimo humo."

Tulia kwanza, na usikubali mtu aifute. Windows za sasa mara nyingi hufunga diski kwa ufunguo wa siri zenyewe, pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft siku ya kwanza. Masasisho ya bodi yanaweza kuifanya mashine idai ufunguo huo. Chukua simu, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, tafuta orodha ya vifaa na funguo za urejeshaji. Linganisha herufi za utambulisho zilizo kwenye kioo na zilizo kwenye simu, kisha andika tarakimu zote 48.

Kama huzioni, jiulize nani aliiwasha kompyuta siku ya kwanza. Madukani kwetu muuzaji hukuandalia mashine kwa barua pepe yake ili uondoke haraka, na ikiwa ndivyo, ufunguo uko kwenye akaunti yake yeye. Mtafute leo, kabla hajabadilisha simu au kusahau nywila. Bila ufunguo huo, kazi zilizomo hazifunguki, na fundi anayekuahidi vinginevyo atakula pesa yako bure. Ukishaingia, nakili kila kitu kwenye diski ya nje, weka akaunti yako mwenyewe, chapisha ufunguo kwenye karatasi na uutie kwenye bahasha ya vyeti vyako.