Kilomita zilizorudishwa nyuma: majibu kwa wasomaji

Shikamoo fundi. Nimeonyeshwa Toyota IST hapa Dodoma, dashibodi inasoma kilomita 78,000. Dalali anaapa haijaguswa. Nitajuaje? (Msomaji, Kisasa)

Marahaba. Kiapo cha dalali kiweke pembeni, tupige hesabu. Mtafute mwenye gari mwenyewe, umuulize anafanya kazi wapi na familia yake iko wapi. Watumishi wengi wa serikali waliohamia huku kuanzia 2016 waliacha familia Dar. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 900. Aliyeshuka mara mbili kwa mwezi amekula zaidi ya 21,000 kwa mwaka, na hapo hujahesabu safari ya Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kila asubuhi wala harusi za Kondoa. Miaka mitano ya maisha hayo inapita 100,000. Ila uliza vizuri: tangu treni ya SGR ianze 2024, wapo walioegesha gari nyumbani, na kilomita zao chache ni za haki.

Baada ya hapo tumia macho. Mpira wa pedali ya breki umelika? Kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlango? Usukani una kava jipya? Livue. Pedali mpya kabisa kwenye gari "isiyotembea" inanitia shaka kuliko ya zamani. Kisha fungua boneti, angalia pia fremu ya mlango, utafute kile kikaratasi cha kubadilisha oili. Fundi huandika kilomita za sevisi ijayo, na mwenye kurudisha namba husahau kukibandua. Ukikuta kimeandikwa 142,000, funga boneti, aga, ondoka.

Rafiki yangu anasema dashibodi za digitali hazichezewi. Kweli? (Msomaji, Nkuhungu)

Si kweli, na pengine ndizo rahisi zaidi. Zile za mshale ilibidi zifunguliwe na magurudumu ya namba yazungushwe, na mara nyingine tarakimu zilibaki zimepinda. Za digitali namba inakaa kwenye chipu, anayejua huibadilisha kwa kifaa na kompyuta. Ahueni ni kwamba baadhi ya gari huhifadhi kilomita mahali pengine pia, mfano kompyuta ya injini au ya breki za ABS. Fundi mwenye mashine ya dayagnosisi anaweza kulinganisha. Asipoona tofauti usishangilie, kwa sababu si kila gari inatunza kumbukumbu hiyo.

Nikiagiza mwenyewe kutoka Japani nitakuwa salama? (Msomaji, Singida)

Nafuu ipo, kwa sababu Japani wana karatasi. Gari binafsi mpya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kilomita huandikwa. Omba cheti cha kusafirisha gari nje na ripoti ya mnada kabla hujatuma pesa, ulinganishe namba ya chesisi herufi kwa herufi. Lakini karatasi hizo haziwezi kukuambia kilichofanyika baada ya gari kushushwa melini. Kwa hiyo ukinunua yadi, dai karatasi zilezile. Wakisema zimepotea, bei nayo ipotee kidogo.

Land Rover ya Uingereza inasoma 80,000. Ni chache, sivyo? (Msomaji, Iringa)

Hizo huenda ni maili. Ni kama kilomita 129,000.

Nimenunua Hiace ya dizeli, baadaye nikagundua kilomita zilishushwa. Nifanyeje? (Msomaji, Kibaigwa)

Pole sana. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyedanganywa nafasi ya kuukataa mkataba, na kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Ugumu uko kwenye ushahidi. Kama mkataba wa mauziano hautaji kilomita, muuzaji atasema hakukuahidi kitu. Kusanya picha za tangazo, meseji na maandishi ya fundi, umwone wakili. Wengine mnaosoma hapa, andikeni kilomita kwenye mkataba kabla ya kusaini. Muuzaji akigoma, umeshapata jibu lako.

Wakati huo usiiendeshe gari kana kwamba namba ile ni ya kweli. Kama injini ni ya aina ya 5L, inatumia mkanda wa taimingi, na hujui umetembea kiasi gani. Ukikatika njiani valvu zinapinda, na gharama yake haifanani kabisa na ya mkanda. Badilisha wiki hii, pamoja na oili ya gia, halafu kamwone wakili.