Kuna jamaa simjui anaitaka STI yangu, niuze?

SWALI: Habari za kazi mkuu. Mimi niko Arusha, nina Subaru Impreza WRX STI ya 2004, ile ya bluu yenye rimu za dhahabu, niliiagiza mwenyewe kutoka Japani enzi hizo sijaoa na mpaka leo iko vilevile ilivyotoka, sijagusa kitu zaidi ya shokapu na klachi. Sa hizi nina watoto wawili na wa tatu yuko njiani, shule wanapelekwa na Noah ya wife, STI inatoka Jumapili tu na mafuta yalivyo we mwenyewe unajua. Juzi kati nilikuwa sheli najaza, kijana mmoja akanifata akaniambia bro hii unaiuza? Nikacheka tu. Akaomba namba nikampa, tangu hapo anapiga, ametaja dau ambalo kusema kweli limezidi nilivyofikiria, na anasema analipa kwa mkupuo. Shida ni kwamba simjui kabisa, hatuna mtu tunayefahamiana, anasema yuko Mwanza anauza vifaa vya ujenzi. Wife anasema uza tumalizie nyumba. Washkaji zangu wa magari wanasema huyo ataenda kuipiga bodikiti, yale mabampa ya urembo, ataipandisha turbo, ndani ya miezi michache injini imekufa anaikata anauza spea. Halafu kuna mdogo wake wife naye anaitaka, ila yeye nusu sasa nusu mwezi wa kumi na mbili. Silali. Nishauri.
Baba Wawili, Arusha

JIBU: Baba Wawili, hongera kwanza kwa huyo wa tatu.

Barua yako imenichekesha kidogo manake rimu umezipa rangi, shokapu umezitaja, klachi umeitaja, halafu nyumba imepata maneno matatu tena umeyaweka mdomoni mwa mkeo. Yani ukiniuliza mimi moyo wako uko wapi jibu umeshaniandikia. Ila tusiishie hapo.

Unauliza kama yule kijana ni mtu sahihi, na washkaji zako nao wamekomaa hapohapo, atafanya nini, ataiuaje. Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama gari inauzwa, kwa sababu wewe hukuwa unauza, umeambiwa bei ukaanza kukosa usingizi, na bei nzuri haijawahi kuwa sababu ya kuuza kitu ambacho hukitaki kitoke. Kwa hiyo weka huyo kijana pembeni dakika moja.

Jua hivi, ukiiachia hii usijidanganye kwamba mambo yakikaa sawa utaagiza nyingine. Ile injini yako ya EJ20 ya cc 1994 Subaru walishaiaga huko Japani, 2019 wakatoa toleo la mwisho la gari 555 tu na watu wakapigania kuingia kwenye bahati nasibu ya kununua, halafu 2022 wakatangaza hakutakuwa na STI mpya ya petroli. Zilizobaki zinagombaniwa na dunia nzima, na Wamarekani ambao sheria yao inawaruhusu kuingiza gari za Japani zikifikisha miaka 25 wanakaribia kufikia za mwaka wako, 2029 hiyo, sasa ona Nissan Skyline R34 ilivyopanda bei walipoanza kuihesabia miaka. Na hapa kwetu ukiiagiza ikiwa na umri huo unakutana na ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa, VAT 18% na juu yake ule wa uchakavu 30% kwa gari iliyovuka miaka 10, tena hizi kodi zinapandiana, haziji kila moja kivyake. Kwa hiyo hilo dau la huyo jamaa ambalo wewe unaona kubwa, mwenzio ameshapiga hesabu akaona bado anaokoa.

Na wala usione aibu kuipenda. Wengine wanadhani haya mapenzi yametoka kwenye magemu ya simu, wakati sisi huku tumeziona zinapita kwenye vumbi, Safari Rally hapo jirani Kenya Impreza ilichukua 1997 na Colin McRae, 2000 na Richard Burns, na watu wa Arusha na Moshi walikuwa wanavuka mpaka kwenda kusimama barabarani tu zipite. Ule mngurumo hauna maelezo. Lakini kuipenda gari na kuitunza ni mambo mawili, na hapo ndo nataka ufanye kitu kimoja leo kabla hujampigia mtu simu.

Nenda pale ilipo, chuchumaa, angalia ubavuni mwa tairi. Kuna kijisehemu kimeandikwa DOT halafu mwishoni tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, yani 2317 imetengenezwa wiki ya 23 ya 2017. Soma zote nne. Kama tairi zako zina umri mkubwa kuliko mtoto wako wa pili, basi ujue hiyo gari unaipenda kwa maneno tu, manake gari ya nguvu namna ile kwenye raba iliyokauka ikikuta mvua ile barabara ya kuteremka utaona mwenyewe. Halafu angalia taiming belti ilibadilishwa lini, Subaru wanasema kilomita laki moja ila kwa gari inayolala muda mrefu miaka nayo inahesabika. Gari ya turbo inayowashwa Jumapili ikazungushwa mtaa mmoja ikazimwa kabla oili haijapata moto sawasawa inaumia polepole, hiyo siyo kuitunza. Washkaji wanaosema kijana ataiua, waulize wewe unaifanyaje.

Sasa uamuzi. Nyumba imefika wapi? Hujasema. Kama imekwama kwenye lenta na bado mnalipa kodi ya pango kila mwezi na mtoto anakuja, uza, na usimwambie mkeo umemfanyia hisani. Kama nyumba mmeshahamia na kilichobaki ni fensi na geti, baki na gari yako, ila hela ya tairi na belti itoke mwezi huu, siyo "tutaona". Katikati ya hapo mkae wawili muongee, mimi siwezi kuwaamulia.

Ukishaamua kuuza ndo turudi kwa kijana wa Mwanza, na hapa nitakuudhi. Mimi nampendelea yeye kuliko shemeji yako, tena kwa mbali. Shemeji anachukua gari na nusu ya hela, mwezi wa kumi na mbili unafika kuna ada, kuna msiba, kuna sikukuu, unamdai ndugu wa mkeo na kila ukimdai nyumbani chakula kinakuwa baridi. Na gari ikianza kutoa moshi atakupigia wewe, "shem mbona hukuniambia", mpaka siku ya kipaimara ukweni mnazungumzia gasketi ya silinda hedi. Mgeni anatoa hela, anaondoka, basi.

Kuhusu kuiharibu, ukishapokea hela hiyo siyo gari yako. Hakuna wakili atakuandikia kipengele cha "mnunuzi hataweka bodikiti". Akiipaka pinki ni yake. Unachaguaje mnunuzi kama unachagua mkwe wakati hata mkwe mwenyewe siku hizi hachaguliwi? Jiulize tu swali hili, ukikutana nayo njia ya Moshi ina spoila kubwa nyuma na ekzosti inapiga risasi, utaumwa kichwa jioni moja au utaumwa mwaka mzima? Kama ni mwaka mzima hilo nalo ni jibu.

Ila kumsoma inawezekana. Mwambie aje asubuhi, gari ikiwa baridi kabisa. Ukiona kabla hujawasha anaweka mkono kwenye injini kuhakikisha hujaipasha, huyo anajua, manake Subaru yenye ugonjwa wa ndani inajisema ikiwa baridi na wajanja huwa wanaiwasha kabla mteja hajafika. Akichomoa kijiti cha oili akakifuta akakirudisha akachomoa tena kusoma, akauliza belti, akauliza unaweka oili gani na baada ya kilomita ngapi, ukiwa naye barabarani anaendesha taratibu mpaka mshale wa joto utulie ndo anaigusa, na mkirudi anaiacha ingurume kidogo kabla ya kuzima ili turbo ipoe, basi hiyo gari inaenda kwa mtu. Akianza na "inakimbia ngapi?" huku anajipiga picha mbele ya boneti, nawe umeshajua, japo hela yake ni ileile.

Ugeni wake ni wa kuogopa kwenye hela na makaratasi, siyo kwenye bodikiti, na ajabu hapa hujaniuliza hata kitu. Kujaribu gari unakaa naye pembeni, leseni yake umeshaipiga picha, na kama bima yako ni ile ndogo ya third party kumbuka akiigonga gari yako wewe hulipwi chochote. Malipo yafanyikie benki, mchana, mkiwa mmesimama wote, aingize kwenye akaunti yako au kwa TISS, ule mfumo wa kuhamisha hela kati ya benki na benki, na wewe uione kwenye salio lako mwenyewe, siyo meseji anayokuonyesha, siyo skrinshoti, siyo hundi, hundi mpaka ikomae ndo hela. Kadi original isitoke mkononi kabla ya hapo, hata kama anasema fundi wake anataka kuiona. Na asikutume dalali dakika za mwisho, dalali akiingia tu kuna cha juu na bei mnaanza upya.

Mkataba wa mauziano mbele ya wakili, na muandike mpaka saa ya kukabidhiana, siyo tarehe tu, manake akipigwa tochi jioni ileile pale njiani ijulikane alikuwa nani. Kabla hujamkabidhi ingia kwenye mfumo wa trafiki uweke namba ya gari uone kama kuna faini, kila kosa 30,000, ulipe zako. Halafu hili watu wengi wanalipuuza sana, usikubali ile "nitabadilisha umiliki mwenyewe nikifika". Nendeni TRA pamoja, TIN yako, TIN yake, kadi, mkataba, vitambulisho, mmalize. Gari ikiendelea kusoma jina lako na huko Mwanza ikagonga mtu ikakimbia, polisi wanaanza na mwenye jina, na mwenye jina ni Baba Wawili wa Arusha. Kama jamaa ni wa kweli haya yote hayatamsumbua, na atasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Akikuambia leo au basi, mwambie basi.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni wa Mombasa. Kaka yangu amefariki ametuachia Nissan Fairlady Z, alikuwa akiienzi sana hata sisi kuikalia ilikuwa shida. Amejitokeza mtu kutoka Nairobi ataka kuinunua, atuambia tumpe logbook na funguo, mambo ya jina atayamaliza yeye kwa mtandao. Mama asema iuzwe haraka kwani akiiona hapo nje yuaumia. Tumpe?
Dada wa marehemu, Mombasa

JIBU: Waalaykum salaam dada, pole sana, Mungu amrehemu. Msimpe. Huko kwenu kubadilisha jina kunafanyika kwa mtandao wa NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen na ni mwenye gari anayeanzisha, sasa mwenye gari ameshafariki, huyo bwana ataanzisha kwa akaunti ya nani? Ama hajui ama anajua sana. Gari ni ya mirathi mpaka kuwe na msimamizi aliyetambuliwa na mahakama, na kwa kuwa nyie ni Waislamu mnaweza kwenda mahakama ya Kadhi. Kama kaka aliacha mke au watoto nao wana haki zao hapo, dada hauzi peke yake hata kama mama amekubali. Kwa sasa hamisheni gari ipelekwe kwa jamaa mwenye nafasi yenye kivuli, mchomoe betri, mama asiione kila asubuhi. Mnunuzi wa kweli atangoja.

SWALI: Mambo, nauza Celica yangu, tumeshakubaliana bei na mnunuzi ila anataka kwenye mkataba tuandike nusu yake ili alipe kidogo TRA, anasema kila mtu anafanya hivyo na mimi sipotezi kitu. Ni kweli?
Neema, Dodoma

JIBU: Siyo kweli Neema. TRA wana makadirio yao, hawasomi tu mlichoandika. Na akirudi wiki ijayo anasema gari mbovu, nirudishie changu, au akikulipa nusu akasema ndo bei yenyewe, karatasi pekee utakayoonyesha ni ile yenye sahihi yako na bei ya uongo. Andika bei mliyokubaliana. Akikataa, Celica haiozi, subiri mwingine.