Branchi ilianzia Uingereza

Wengi hudhani branchi ya Jumapili, yaani mlo mmoja unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, ilianzia Marekani. Hapana, haikuanzia huko. Neno lenyewe ni la Uingereza: mwaka 1895 mwandishi Guy Beringer aliandika katika jarida la Hunter's Weekly akiomba mlo mzito wa Jumapili baada ya kanisa uachwe, waliokesha Jumamosi walale, kisha watu waanze na chai au kahawa karibu saa sita mchana. Alisisitiza pia kwamba mlo huo mpya huchangamsha na kuwafanya watu wazungumze, na kwangu hiyo ndiyo hoja yake bora kabisa. Wamarekani waliupokea baadaye wakaupenda mno, ndiyo maana wengi huwapa wao sifa. Nazungumzia jina tu lakini. Kuchelewa kula siku ya mapumziko ni jambo la kale zaidi.